Karani wa Mizani

Sanduku la kumi na tisa lilifika limefungwa kamba ya mgomba,
linanuka moshi wa jikoni na buni ya zamani.
Wajukuu walikuwa wanabomoa nyumba kule Kirua,
wakasema: msipolichukua, tunawashia moto wa nyama.
Nikatia sahihi.

Ghorofa ya pili, Moshi mjini, saa tano asubuhi.
Dirishani mlima umeshajifunika, kama ilivyo desturi yake
watu wakianza kuutazama.

Daftari la mwisho lina jalada la bluu, kona zimeliwa na mende.
Mbele ni kazi tu: majina, magunia, ratili,
mwandiko umelalia kulia kama migomba baada ya upepo.
Ila ukiligeuza, juu chini, nyuma mbele,
Ndetaramo Kessy anaanza kusema peke yake.

«Machi 9. Mfongo umeziba. Tumeuzibua watu sita,
wa saba alikuja kutazama.
Machi 10. Nimenunua viatu. Vinabana.
Jumapili nitavivaa hivyo hivyo.»

Nilicheka, ndani ya chumba ambamo
hata kukohoa tunakohoa kwa adabu.

«Septemba 14. Mizani inapunja. Ratili mbili kila gunia.
Nimemweleza mkubwa. Kaniambia nichunge mdomo.
Septemba 15. Inapunja.
Septemba 16. Inapunja. Mtoto ameota jino.»

Kisha tarehe zinakoma, yanaanza majina.
Kila jina na kilichopunguka, kwa penseli iliyochongwa vizuri,
mpaka kuelekea Krismasi.
Hakupaza sauti. Alikuwa na watoto watano
na viatu vinavyobana.
Aliandika.

Jina la ishirini na saba ni la bibi yangu.

«Ndeonasia wa Kisaka. Ratili kumi na moja.
Amenishukuru.»

Amenishukuru.
Nilivua glavu. Hairuhusiwi, najua.

Mwaka ule mama hakuanza shule.
Ada ilipungua kidogo, kidogo kabisa,
kiasi cha mtu kusema tungoje mwakani,
na mwakani ikawa na mambo yake.
Bibi mpaka anazikwa alisema kosa ni lake:
aliianika mno ile kahawa, aliisahau uani,
jua likaila.
Alipoianika ya miaka iliyofuata
alikaa pembeni yake na kigoda, akiilinda
dhidi ya jua.

Katikati ya kurasa mbili za mwisho kuna jani la isale,
limekauka rangi ya chai, limefungwa fundo.
Kwetu aliyekosa hulibeba mkononi mpaka mlangoni pako,
hasemi mengi. Ukilipokea, yameisha.
Hili halikuvuka ua. Lilitoka mgombani
likaingia daftarini, likangoja humo
viatu vikachakaa, mkubwa akafa, mizani ikauzwa chuma chakavu.

Fomu inauliza: vipo vitu visivyo karatasi?
Bi. Walda, mkuu wangu, anasema majani yatoke, yanaleta wadudu.
Sina ubishi naye. Yanaleta.

Mkononi nina muhuri wa mpira.
Tarehe nimeshaizungusha, wino umelowa.
Una neno moja tu, nimeligonga miaka tisa
juu ya barua, hati, picha za harusi za watu nisiowajua:
IMEPOKELEWA.

Majina ni arobaini na moja.
Mimi, nikijitutumua sana, nina robo ya moja.

Daftari nimeligonga, ukurasa wa ndani, pembeni, kama inavyotakiwa.
Jani nimelitia kwenye bahasha, fundo lake halijafunguliwa,
namba nimeiandika kwa penseli
na bahasha iko kwenye droo yangu tangu Jumanne,
chini ya kitambaa cha kufutia vumbi.

Jioni nitampigia mama, Himo.
Nitamwuliza kwanza kama amekula.